Uyoga Kwenye Kikapu cha Mama wa Kambo

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kile kifua chako kimetulia. Sisi huku wazima. Baba anakula vizuri, na hilo ndilo lililokuwa likininyima raha, maana anayempikia ni huyu mke wake mpya.

Uliniambia nimchunge, nami nimemganda kama kupe. Jumamosi aliposema anakwenda msituni kuchuma uyoga, nikajifanya nami nataka kunyoosha miguu. Kumbe bibie anaujua uyoga! Kila akichuma anaupindua, anaunusa, anaukwaruza kwa ukucha aone kama utabadilika rangi. Kando ya gogo tukakuta mmoja ambao sijawahi kuuona: mweupe pe, una pete shingoni, na shina limetokea kwenye kijifuko ardhini. Akaniambia niuache hapo hapo. Eti ukiula utausifia utamu, kesho yake utatapika, keshokutwa utajiona umepona, halafu ini ndiyo basi tena. Makubwa! Nikajiuliza, mtu anajuaje hayo yote kama hana lake jambo?

Sasa dada, kaa chini. Alipotangulia, niliung'oa ule uyoga, nikauviringisha kwenye leso, na tulipofika nyumbani nikauchomeka katikati ya kikapu chake. Nilitaka kumnasa. Nilipanga nisimame jikoni, nikiona anautia sufuriani nipige kelele baba aje ashuhudie. Lakini jirani akaniita getini, nikanogewa na umbea. Nilipogutuka, baba alikuwa mezani, kijiko cha supu kinakwenda mdomoni.

Sikusema kitu. Wallahi, dada, nilinyamaza! Niliogopa kuulizwa nimejuaje. Baba yetu akameza, nami namtazama.

Akauliza mbona ni viazi vitupu. Mama wa kambo akamjibu kwamba uyoga wote ameutupa, macho yake yamezeeka, alichuma mbaya bila kujua. Baba akamcheka sana. Yeye akanigeukia, akaniambia taratibu nikanawe mikono kwa sabuni.

Mpaka leo hajamwambia baba. Nakusihi uje. Nataka nimwambie mwenyewe, ila nikiwa peke yangu nitakimbia.

Wabusu watoto. Mama wa kambo anakusalimu sana. Bahasha hii amenipa yeye, wala hakuuliza nimeandika nini.

Ni mimi,
mdogo wako