Mikanda Niliyoianika Juani

Babu yangu,

Wewe Mfaransa, mimi mtu wa Mombasa, tukakutanishwa na Sharpstown, mtaa wa ugenini kwetu sote, nilipoajiriwa kukuogesha na kukupa dawa. Nilikuita Babu kwa heshima tu. Sikujua jina litaninasa hivi.

Ulinihadithia maisha yako huku nakukata kucha. Ulianza kwa kubeba nyaya za taa kule Paris, ukaja kuwa mwongozaji wa filamu, ukapigiwa makofi, kisha wakakusahau. "Tisa zilionyeshwa," ulisema, "lakini nzuri ni ya kumi." Ndiyo ile uliyomrekodi mkeo jikoni, mwaka wake wa mwisho. Nakala moja tu, mikanda mitatu kwenye makopo chini ya kitanda.

Yakaja mafuriko ya 2017. Bintiyo akakupeleka kwake Lewisville, mimi nikabaki kuokoa vyombo. Makopo yalijaa maji. Nami kwetu kitu kikilowa huanikwa, basi! Nikaitoa mikanda, nikaipanga juani barazani, kando ya mashuka yako. Kufika jioni mikanda ilikuwa imegandamana. Nilipojaribu kuifungua, picha zikabanduka. Wallahi nililia.

Uliporudi ukauliza, "Na mikanda?"

"Imekwenda na maji, Babu."

Ukanishika mkono. "Usi-worry. Wewe u mzima."

Ole wangu! Bora ungenitukana. Tangu siku hiyo, kila tukinywa chai ulinisimulia filamu ile: mkeo anamenya chungwa, anageuka, anakuona, anacheka. Ukisahau kitu, mimi nakukumbusha. Miaka mitatu nakusikiliza, na uongo wangu nimeukalia.

Mwaka huu ukalazwa, na kwa maradhi haya ya kuambukiza wageni hawaruhusiwi. Nilisimama nje ya hospitali na simu sikioni, nikasema, "Babu, ile mikanda..." Ulikuwa unakohoa tu. Nesi aliyekushikia simu akaikata. Kesho yake hukuwepo.

Juzi bintiyo kanipigia, tunakulilia wote wawili, akasema, "Baba alitufundisha tangu utotoni: mkanda uliolowa haukaushwi, unaachwa majini mpaka ufike kwa mafundi."

Jamani! Kumbe ningekaa bure nisiguse kitu, mkeo angekuwa anacheka mpaka leo.

Sikuitupa, Babu. Nimeitia kwenye ndoo ya maji, iko bafuni kwangu. Najua haifai kitu tena. Kila asubuhi nabadilisha maji.

Nisamehe.

Mjukuu wako wa Sharpstown