Swali la Sista Chebet

Kiamunyi, Nakuru

Mama yangu,

Shikamoo. Kaa chini kwanza. Nakujua, unaisoma hii ukiwa umesimama mlangoni na mwiko mkononi, na sambusa zinaungua. Zima jiko, ukae. Magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyotuma ilikusaidia, ama uliwagawia yote akina mama wa kanisa? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila baridi ya huku itanimaliza. Nimempa Shangazi Mghoi barua akuletee, badala ya kupiga simu, kwa sababu simu yako ndugu yangu Mwakio ndiye huishika kutwa nzima, na haya nataka uyasome wewe kwanza.

Habari za kazi. Mara ya mwisho uliniuliza, "Kwani hao watu wanakulipa uende ukiuliza watu kama wameharisha?" Karibu ni hivyo, Mama, cheka tu. Ni utafiti wa afya ya vijana. Tunazunguka mitaa ya Nakuru na vijiji vya Kuresoi, tunawauliza wanakula nini, wananunua wapi, maji wanatoa wapi, na kama chakula kimewahi kuwalaza kitandani. Halafu tunawauliza ya moyoni: usingizi, huzuni, na kama wamewahi kufikiria kujidhuru. Nilimuuliza kiongozi wetu tumbo na moyo vinahusiana vipi. Akanijibu, "Kama tungekuwa tunajua, si tungekuwa tumekaa nyumbani? Ndiyo maana tunauliza."

Huyo kiongozi ndiye Sista Chebet. Aki Mama, ungempenda! Ni muuguzi, mzaliwa wa Keringet, mwili mkubwa na kicheko kikubwa zaidi, na gamubuti miguuni hata siku za jua. Kwa usafi mko sare, maana hata yeye hawezi kuona chakula hakijafunikwa akanyamaza. Lakini kilichonishangaza kwake ni vile anavyojua kukaa na watu. Kwao huko huwezi kuanza maswali kabla hujala. Unapewa chai, viazi na mursik, yale maziwa yao ya kibuyu. Siku za kwanza nilikuwa nakataa kwa adabu, eti niko kazini, na watu walikuwa wananijibu "ndiyo" na "hapana," basi. Sista akanivuta kando. "Unakuja kuwauliza habari ya chakula chao na hutaki hata kukionja? Nani atakuambia ukweli?" Nikaanza kula. Sasa nguo zote zinanibana, na watu wanaongea.

Mwezi uliopita tulifika boma moja karibu na Keringet. Jina silitaji hata kwako, ni siri ya kazi. Palikuwa na kijana wa rika la Mwakio, aliyekuwa akipakia magunia ya viazi kwa lori kisha akaacha. Mama yake alitupokea na viazi vya moto na malalamiko: tumbo la huyu halimwachi, hali chakula, halali usiku, nimempa kila dawa. Kijana akakubali kuhojiwa, na akakubali mimi nikae nisikilize kwa sababu bado najifunza. Tukatoka tukakaa kando ya shamba, mbali na masikio ya nyumbani.

Maswali ya chakula yakaisha, likafika lile lingine. Mama, mimi lile swali huniogopesha. Wengi wetu hulizungusha: "Lakini wewe uko sawa tu, sindio?" Sasa mtu akiulizwa hivyo atasema nini? Sista hakuzungusha. Alimtazama usoni, na kwa sauti ileile aliyoulizia habari ya maji, akasema, "Umewahi kufikiria kujiumiza, au kuyakatisha maisha yako?"

Kijana akainama, akachuna nyasi. Sista hakumharakisha. Hakukohoa, hakupekua karatasi, alingoja tu, na mimi nikawa nasikia kuku wakiparura huko nyuma.

"Ndiyo," kijana akasema.

Sista akaweka kalamu chini. "Asante kwa kuniambia. Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Hata mama?"

"Mama huniuliza tumbo. Hiyo ingine hakuna mtu amewahi kuniuliza."

Kazi ya siku hiyo ikaishia hapo. Sista aliomba ruhusa yake amwambie mama, na kijana akakubali. Yule mama alilia, kisha akauliza kama swali lenyewe halitamtia mtoto wake hilo wazo kichwani. Sista akamshika mkono. "Wazo analo tayari, mama. Lakini alikuwa nalo peke yake." Saa hiyohiyo tukawapeleka wote wawili kwa mshauri hospitalini, na Sista akangoja nje mpaka wakatoka. Tulipopita tena, kijana alikuwa shambani akivuna. Bado anaenda kwa mshauri, na Sista anasema tusijidanganye, hajapona. Lakini kijana alikula nasi, akaongeza sahani ya pili. Nilimtazama Sista akibugia viazi vyake kama mtu ambaye hajafanya lolote, nikasema moyoni, ningependa siku moja niwe nusu yake.

Sasa Mama, Mwakio. Uliniambia tumbo linamsumbua tangu aachishwe kazi kule gereji. Uliniambia sahani hurudi vilevile. Na ukaniambia ukicheka kwamba amempa mtoto wa jirani daluga zake za mpira, eti yeye amezeeka. Nilicheka na wewe. Huenda ni tumbo tu. Lakini Mama, tangu nizaliwe sijasikia mtu aliyeugua kwa chakula chako.

Nilimpigia nikamuuliza mwenyewe. Akacheka, "Niko fiti, sis." Mimi simwoni uso. Wewe unamwona.

Muulize wewe. Mkiwa wawili tu, mnakunja sambusa, mikono ikiwa na kazi. Usizungushe wala usianze na mahubiri. Uliza kwa maneno yaleyale ya Sista, kisha ungoje. Akisema hapana, shukuru Mungu, halafu mpeleke akapimwe hilo tumbo. Akisema ndiyo, mwambie asante, usimwache peke yake, mwende hospitali siku hiyohiyo, na unipigie hata kama niko kazini. Nimeomba ruhusa, wikendi hii nakuja, lakini usiningoje. Najua utaogopa. Hata mimi naogopa. Lakini umetulea wawili kwa karai moja la mafuta ya sambusa za kuuza, na hili pia utaliweza.

Msalimie Bibi, umwambie sweta aliyonifumia ndiyo inaniweka hai huku. Msalimie Mjomba Righa fundi viatu, na Mama Neema jirani, anayekusaidia kuchota maji.

Mwakio usimpe salamu zangu. Mpe lile swali.

Ni mimi binti yako, nakupenda sana,
Wakesho