Mgeni Hulishwa Kwanza

Mama, shikamoo. Usininunie kwa kuchelewa kuandika; mjukuu wako halali, basi na mie silali.

Jana mfadhili wetu alikuja hapa Chamazi kuamua kama kikundi ninachokisimamia, cha akina mama wenye vichanga waliozidiwa na huzuni, kiendelee. Akina mama wakampokea kwa vigelegele na pilau. "Nimeambiwa mna huzuni, mbona wote mnacheka?" akauliza, akafunga daftari.

Nikamwambia, "Dada, mgeni hulishwa kwanza, kilio baadaye. Hebu nishikie mtoto."

Kumpakata tu, akaangua kilio yeye. Kumbe mtoto wa kwake kamwacha nyumbani, ana miezi minne. Wakamkalisha mkekani, wakambembeleza, wakamwandikisha uanachama. Kikundi kinaendelea, naye yumo.

Nitumie korosho, mbeleko yangu, na ile kanga yako ya jikoni inayonukia wewe. Usiifue.