Malengelenge ya Mjukuu Wako

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kikohozi kimekuachia na usingizi umerudi. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio umechafuka.

Kazi yangu ya makumbusho unaijua. Siku hizi tunachambua wadudu walionaswa kwenye mitego yenye chambo cha panya waliooza. Nikifungua chupa, harufu inanikaba mpaka chai ya asubuhi inataka kurudi. Natenga kundi moja la mbawakawa: wembamba, vigamba vya mgongoni vifupi kama koti la kuazima, tumbo lote nje, na wakiwa hai hubinua mkia kama nge. Wanafanana kama pacha, hivyo kumjua huyu ni wa jamii gani lazima nimpasue dume nitazame uchi wake kwa hadubini. Usicheke, Mama.

Juzi ikaja chupa ya mtego wa taa, unaovuta wadudu wa usiku kwa mwanga. Ndani yake mmoja wa kundi hilohilo, rangi ya chungwa, kichwa cheusi, vigamba vya buluu. Nilitaka kumshika kwa vidole, mkuu wetu akanivuta mkono. Alisema huyo haumi wala hadungi, ila akipondwa juu ya ngozi, maji yake huchoma, na malengelenge hutokea kesho yake, kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto.

Akilini nikaiona shingo ya mjukuu wako.

Unakumbuka Dada alivyotuambia, kwamba yaya kamuunguza mtoto kwa maji ya moto. Shemeji alimchapa yule binti kwa mkanda mbele ya majirani, akamtupia nguo zake nje. Hakuna aliyejiuliza mbona mtoto alilala salama, akaamka na malengelenge. Maji ya moto hayasubiri kukuche.

Nikaenda kwa Dada. Taa iko juu ya kitanda cha mtoto, dirisha halina wavu, na nyuma ya godoro niliwakuta wadudu walewale. Nikamwonyesha. Akawatazama, akawafagia, akasema kumbe, basi yaishe, tukianza kumtafuta yule yaya majirani watatuonaje. Kisha akanikaribisha mezani. Mama, panya waliooza nimewazoea, lakini meza ile ilinishinda. Nilitapika mlangoni pao.

Binti nilimpata kwa mama mmoja mfua nguo, analala jikoni. Kwao walimkataa, maneno yalitangulia kufika. Mgongo una alama za mkanda mpaka leo. Hakulaumu mtu. Aliniuliza tu kama mtoto amepona.

Sasa nikwambie lililonifanya niandike. Najua ulimwapiza, ukasema mkono wake ukauke. Huyo aliyekukabidhi barua hii, aliyesimama hapo mlangoni akisubiri umalize kusoma, ndiye yeye. Simtumi akutumikie, namtuma akae, mpaka apate pa kwenda. Ulichosema hakijui. Mkaribishe ndani kwanza, Mama, hasira zako kwa Dada zije baadaye.

Nisalimie Baba Mdogo na wote wanaoniulizia.

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba wako