Wakati Uliotiwa i

Likasi, tarehe 9 Juni 2024

Kwako Mama Bibiane,

Salamu nyingi. Mwili unaendeleaje? Sisi tuko, ila tumechoka. Mama Anne anakusalimu, mgongo unamsumbua tangu turudi shambani. Courant inakuja ikitaka, inaondoka ikitaka. Bwawa la umeme la Mwadingusha liko palepale, na sisi tunakula gizani.

Nasikia huko chuo kikuu mtihani wako wa relativité, ile fizikia ya mwanga na wakati, umekaribia. Nilikupa jina la mama yangu mzazi, kwa hiyo wewe ni mama yangu, na mtoto humtumikia mama yake kwa kile alicho nacho. Mimi nina fizikia tu. Simu haijui kuandika hesabu, ndiyo maana nampa karatasi hii Ruffin, dereva wa basi.

Usiogope. Chukua umbali kati ya matukio mawili, uuzidishe kwa wenyewe, kama tulivyofanya na pembetatu ulipokuwa darasani kwangu. Kisha chukua wakati, uuzidishe kwa kasi ya mwanga, uutie i, ile namba ya kufikirika ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa hasi moja. Hicho nacho ukizidishe kwa chenyewe, halafu jumlisha. Alama ya kutoa itazaliwa mbele ya macho yako, hutahitaji kuikariri. Nimefundisha hivyo maisha yangu yote. Andika hivyo, profesa wako atafurahi.

Samahani kwa herufi kubwa. Nachoka upesi siku hizi.

Papa yako, mtoto wako,
Édouard


Lubumbashi, tarehe 14 Julai 2024

Papa,

Salamu kwako na kwa Mama. Mgongo wake je? Mimi ni mzima wa mwili tu.

Nimeanguka. Kwenye mtihani wa mdomo niliandika i yako ubaoni. Profesa akacheka, wenzangu nao wakacheka. Akasema: "Bibiane, hii tulisha kuizika zamani." Anasema i inaficha jambo. Inafanya wakati ufanane na umbali, kana kwamba mtu anaweza kwenda na kurudi, na wakati hauna kurudi. Leo alama ya kutoa inaandikwa wazi tangu mwanzo. Ukifika kwenye uvutano, pale nafasi na wakati vinapopinda pamoja, i haikusaidii kitu. Akaniuliza ya uvutano. Nikaweka chaki chini, nikatoka.

Nimechoka, Papa. Umenipotezea wakati. Heri ningezaliwa kwa mwalimu mwingine.

Deuxième session, ile ya kurudia mtihani, siendi. Rafiki yangu Shekina ana kibanda cha kuuza simu Kambove na anatafuta mtu. Nitakwenda kwake.

Bibiane


Likasi, tarehe 11 Agosti 2024

Kwako Mama Bibiane,

Habari za huko? Unakula? Huku tunaishi.

Utaona mwandiko si wangu. Mimi nasema, Mama Anne anaandika. Macho yangu yana mtoto wa jicho, yote mawili. Tangu Pasaka sioni ubao, naandika kwa mazoea ya mkono, na wanafunzi wananiambia nimepandisha mstari juu ya mstari. Sikutaka ujue kabla ya mtihani.

Kwa hiyo barua yako alinisomea yeye. Ya i hakuielewa, lakini "umenipotezea wakati" aliielewa vizuri sana. Aliikunja karatasi, akasema: "Minye siko nasoma tena leo." Kesho yake akamalizia habari za Kambove. Akaniambia pia kwamba mwishoni hukuandika "binti yako".

Imeniuma, siwezi kukudanganya. Lakini profesa wako ana haki. Vitabu nilivyosomea viliishia kabla ya uvutano, nami nikaishia hapo hapo. Nimemwambia préfet, mkuu wa shule yetu, atafute mtu wa kufundisha kuanzia Septemba. Daktari anasema huko Lubumbashi wanapasua macho. Mimi sitaki. Nione nini tena?

Ukienda Kambove, usilale na njaa.

Papa yako,
Édouard


Lubumbashi, tarehe 18 Agosti 2024

Papa yangu,

Jambo, na pole. Pole sana. Sikujua habari ya macho. Nimelia mpaka jirani amekuja kugonga mlango. Kama kuna mstari Mama hakukusomea, mwambie auache huko huko.

Nimerudia hesabu zote, na i na bila i. Jibu ni lile lile. Kwako nilielewa ile alama ya kutoa inatoka wapi. Kwa profesa naweza kuendelea hadi kwenye uvutano. Nilikasirika kana kwamba lazima mmoja wenu awe mwongo.

Sasa sikiliza. Jina hili ulinipa, sijawahi kulitumia juu yako. Mama yako mzazi angekuambia panda basi, ungepanda bila kuuliza. Basi mimi Bibiane nakuambia: wiki ijayo panda basi la Ruffin, nitakuwa kituoni, twende kwa daktari wa macho. Ukija, nitafanya deuxième session. Usipokuja, tukae wote wawili na uchovu wetu, weye Likasi, minye Kambove.

Naogopa hutakuja.

Mama yako, binti yako,
Bibiane


Likasi, tarehe 20 Oktoba 2024

Kwako Mama Bibiane,

Salamu. Afya yako? Mwandiko huu ni wangu, angalia ulivyo mdogo. Jicho la kulia linaona. La kushoto, kama tulivyoambiwa, tulichelewa. Hili moja linatosha. Mama Anne analalamika kwamba namwangalia sana.

Nimefurahi umepita mtihani. Kwa shida, ndiyo, lakini umepita. Préfet hakupata mtu, kwa hiyo nimerudi darasani, na kabla ya saa sita mchana nimekwisha kwa uchovu.

Jana nilitoa barua zako nikazisoma mwenyewe. Ule mstari nimeuona. Mama Anne alikuwa ameuruka. Nilikaa nao mpaka chai ikapoa. Usimuulize, na usiniombe msamaha, sina nguvu za kulia tena.

Ila nikuambie hili. Wiki hii niliandika alama ya kutoa wazi tangu mwanzo, bila i, vile ulivyonionyesha hospitalini nyuma ya karatasi ya dawa. Mkono ulikuwa mzito. Msichana mmoja akauliza: "Mwalimu, ile ya kutoa inatoka wapi?" Nikamwandikia i pembeni, akaelewa, nikaifuta, tukaendelea mbele, mpaka pale ambapo sijawahi kufika na darasa lolote.

Ulitaka mwalimu mwingine. Ameanza kuja, mama. Amechelewa tu.

Papa yako, mtoto wako,
Édouard