Nilitangaza Safari ya Nabintu

Jumatatu jioni, Nguba, hapa Bukavu. Mvua haijakata tangu asubuhi, ziwa halionekani, na chakula kimenishinda.

Nimeosha vyombo vilivyokuwa safi. Nimepiga simu ya Nabintu mpaka ile sauti ya mashine imenikera: hapatikani, hapatikani. Huko kijijini kwao Mudaka mtandao ukiona mvua unakimbia, kwa hiyo najiambia ni mtandao tu. Moyo haukubali.

Nabintu ni mama mjamzito ninayemfuata kwenye kituo chetu cha afya, ambako mimi ni mkunga. Siku zake zimekaribia na mtoto bado amelala kingamo tumboni, kichwa hakijageukia chini. Sisi hatuna chumba cha upasuaji. Uchungu ukimkuta kule, na barabara ilivyo matope, naweza kuwapoteza wote wawili. Kwa hiyo tulipatana aje mapema akae kwangu, karibu na hospitali kubwa.

Halafu nikaharibu.

Alhamisi nilikuwa natoka kuchanja watoto, nina haraka, pikipiki inanguruma. Sikushuka hata. Nikapaza sauti pale uani: Nabintu, usisahau, Jumamosi unakuja Bukavu kuzaa! Majirani waliokuwa wanapukuchua maharagi wakanyanyua vichwa. Mama mkwe wake, Koko tunavyomwita wote, yaani bibi, akanisogelea taratibu.

"Muganga, siku ya kuzala haitangazwake. Sasa hataenda."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Na mimi ni mtoto wa Kabare, hukohuko kwao, jamani! Mama yangu mwenyewe alituaga anaenda kuteka maji, jioni tukaambiwa tuna mdogo wetu. Tumbo kila mtu analiona, lakini siku na mahali havisemwi, maana mwenye kijicho naye ana masikio. Haya nayajua tangu utoto. Shule ilinifundisha kupima presha, ikanisahaulisha kufunga mdomo.

Jumamosi nilingoja, hakuja. Jana hakuja. Leo mwenzangu wa zamu amepita kwao, na kabla mtandao haujakatika aliniambia mlango una kufuli na hakuna anayejua walikoenda. Nimemtukana Koko moyoni, Mungu anisamehe. Kichwani nimemwona amemficha Nabintu kwa mkunga wa jadi huko milimani, anamnywesha majani, na mkono wa mtoto umetangulia kutoka.

Kuna mtu anabisha. Ngoja.

Nimerudi.

Ni Koko! Matope mpaka magotini, kitunga cha maharagi mgongoni. Nyuma yake Nabintu, mikono mitupu, hata kitambaa kimoja cha mtoto hana. Koko aliacha Jumamosi ipite makusudi, ili majirani wote waone mke wa mwanawe hakwenda popote. Leo amefunga nyumba, wakatoka kwa njia ya migombani, na kila waliyekutana naye alijionea watu wa sokoni. Mimi namtukana, kumbe yeye anatengeneza nilichobomoa.

"Tumekuya ku soko, Muganga," ameniambia kwa sauti ndogo. "Usiseme kitu."

Nimecheka, halafu nimelia.

Nimempima Nabintu. Moyo wa mtoto unapiga vizuri, lakini bado yuko kingamo. Nabintu anasema mgongo unamvuta tangu asubuhi. Gari la jirani linatupeleka hospitali sasa hivi, mara tu dereva wake atakapovaa viatu. Naogopa. Nimezalisha wanawake wengi na bado naogopa kama siku ya kwanza.

Maman wa nyumba ya pili ameniuliza dirishani wageni hawa ni nani, na wanaenda wapi na mvua hii. Nimemwambia ni wauza maharagi, wamechelewa, nawasindikiza.

Ukurasa huu nao siutoi hadharani leo. Utabaki humu kwenye simu yangu mpaka mtoto alie na mama yake amsikie.

Kama unausoma, amelia.