Adui wa Rangi

Muyinga, 3 Juni 2024

Mwanangu Zuena,
Assalaam alaykum. Hatujambo, ila goti linamsumbua mama yako. Masomo ya kemia yanakwendaje?

Mimi nimebanwa. Maji ya kutilia vitambaa rangi ya buluu yanashuka bondeni, na juzi jirani Anisia alinijia juu: «Chabani, mayi iko bulu, ngombe yangu inakataa kunywa!» Wazee wa mtaa wamesema yasipokuwa meupe kufikia mwisho wa mwezi, nifunge kazi. Miaka thelathini, mwanangu! Na aibu ninaona, maana Anisia ana haki.

Baba yako, Chabani

Gitega, 8 Juni

Baba mpendwa,
Waalaykum salaam. Mpe mama pole ya goti.

Usifunge! Hapa chuoni tunasaga jiwe jekundu kutoka Gishubi, tunalichoma, kisha tunatia unga wake kwenye maji ya rangi. Unga ukipata mwanga, unaivunjavunja rangi yenyewe. Nimempa dereva Ilyasi mfuko mmoja akuletee. Tia vikombe viwili kwa kila beseni, koroga asubuhi na mchana, siku tatu.

Mwanao, Zuena

Muyinga, 17 Juni

Binti yangu,
Salamu nyingi. Goti la mama limepoa.

Unga wako umenishinda. Nimepima, nimekoroga, nimefunika kwa mikeka vizuri kama kawaida yetu. Siku ya sita leo, bulu ileile! Anisia alichungulia, akacheka: «Mutoto amesoma, mayi bado.» Nimeanza kuwaambia wateja waje kuchukua vitambaa vyao.

Baba yako

Gitega, 20 Juni

Baba,
Nawasalimu nyote. Nilicheka, halafu nikalia. Mikeka! Kosa ni langu, nilipaswa kukumbuka. Tangu utotoni ulinigombeza nikianika kitambaa juani: «Jua ni adui wa rangi!» Ndiyo, baba, na safari hii tunamtaka huyohuyo adui. Ondoa mikeka, maji yawe kina cha vidole vinne tu. Siku bado zipo. Sikubali ufunge.

Mwanao

Muyinga, 29 Juni

Zuena wangu,
Alhamdulillah, wazima sote.

Niliitoa ile mikeka, nikapunguza maji kama ulivyosema. Siku ya kwanza, hamna kitu. Ya pili, nikadhani macho yananidanganya. Leo wazee wamekuja, unga umetuama, na Anisia ameinamia lile beseni alilopewa mama yako siku ya harusi, ambalo mimi natilia rangi.

«Chabani,» akasema, «kumbe beseni hii iko na maua ndani!»

Hata mimi nilikuwa nimesahau. Tuma mfuko mwingine, kesho natia rangi.

Baba yako, Chabani